Aliyechoka Hajarudi Nyuma

Somo: 1 Wafalme 19:1–8



Kiangazi cha 2022 mimi ndiye niliyeshika daftari la kesha. Mama mmoja, mwombaji wa kutegemewa, akakosa mara tatu mfululizo. Mimi nimesomea biashara, na biashara ilinifundisha kuhesabu. Nikapiga mstari kwa jina lake, nikasema, "Huyu amerudi nyuma."

Juma lililofuata nilikutana naye njiani alfajiri, yeye na punda wawili wenye mitungi. Alikuwa ameondoka nyumbani saa nane usiku kutafuta maji. Hakunilaumu. Alisema tu, "Pasta, niombee." Kwa kweli, siku hiyo nilishindwa kuomba.

Nilimkumbuka tena niliposoma habari za mbio za mbwa kule Alaska, Marekani. Zinaitwa Iditarod, na zilianza 1973. Mbwa huvuta sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu, juu ya theluji, karibu kilomita 1,600 kutoka Anchorage hadi Nome. Ungedhani mshindi ni yule asiyesimama. Si hivyo! Sheria inamlazimu kila mwendeshaji kupumzisha mbwa wake saa 24 mara moja, na saa 8 mara mbili. Vituoni kuna madaktari wa mifugo wanaowapima. Mbwa akilemewa njiani, hufunguliwa kamba, akabebwa ndani ya sleji ileile aliyokuwa akiivuta. Akifika kituoni huachwa kwa daktari, kisha hurudishwa kwa ndege. Hakuna anayemwita msaliti.

Hata sisi tunajua. Punda akianguka na mzigo, mwenye busara hufungua mzigo kwanza. Kiboko hakimwinui.

Sasa mtazame Eliya. Ametoka kuwashinda manabii wa Baali pale Karmeli, lakini vitisho vya Yezebeli vinamkimbiza jangwani. Analala chini ya mretemu, anaomba afe. Je, malaika alimkemea? Hapana. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili, maana safari ilikuwa kubwa. Kwa nguvu za chakula hicho akaenda siku 40 hadi Horebu. Huko ndiko Mungu alikomuuliza anafanya nini. Chakula kilitangulia, swali likafuata.

Mpendwa, kabla hujasema fulani amerudi nyuma, fika kwake. Juma hili kila ushirika wa nyumbani utafute mtu mmoja ambaye hatujamwona. Nendeni na unga au mtungi wa maji, msiende na maswali. Na wewe uliyechoka, sikia: kulala si dhambi. Bwana bado anakuhesabu.

Jina la yule mama nililirudisha kwa mkono wangu, na nikamwomba msamaha mbele ya waombaji wote.

Tuombe: Bwana, tufundishe kubebana mpaka tufike. Katika jina la Yesu, amina.