Bawabu na Nyumba Yake

Mtu apewaye kazi ya kuwafungulia wengine mlango ana wajibu wa kuijua nyumba. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wajibu huo ulikuwa mwepesi mwaka 1961, kilipoanza na wanafunzi wa sheria wasiofika 20 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Aliyewapokea aliweza kuwajua wote kwa majina. Tangu kihamie Mlimani mwaka 1964 nyumba imekuwa mji. Ofisa wa udahili huijua kwa hesabu ya nafasi na alama za kufaulu, na kwa kijitabu ambacho pengine amekiandika mwenyewe. (Kusadiki maandishi yetu wenyewe ni maradhi ya wengi wetu.)

Je, asemapo "Njoo", hasemi uwongo? Asema jambo asilolijua. Nami nasita kuliita kweli, hata likiwa sahihi. Kwa neno hilo kijana hutoa miaka mitatu ya ujana wake, na baba huuza ng'ombe. Basi ofisa na aketi nyuma katika mhadhara, apange foleni ya chakula, apande ngazi za bweni usiku wa kuamkia mtihani. Na kabla ya hayo yote amtafute aliyeshindwa akaondoka. Anwani yake imo katika faili lile lile.