Nani Anakaa na Mtoto Siku ya Soko?

Jumapili iliyopita, baada ya mahubiri juu ya uaminifu katika mambo madogo, ndugu mmoja aliniuliza pale nje: mzazi anayemzuia mtoto kwenda shule, huyo tumwite nani? Nilitaka kumjibu haraka. Nikakumbuka mwaka jana, nikanyamaza.

Mwaka jana nilipewa kijana wa gredi ya sita nimwelekeze. Shuleni alikuwa anakosekana kila siku ya soko. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikampigia hesabu: siku moja kila wiki ni sehemu moja kwa tano ya masomo yako. Akaitikia kwa heshima, "Ndiyo, Pasta." Wiki iliyofuata hakuonekana.

Ndipo nikaenda kwao. Mamake huvuka Malaba alfajiri, ananunua ndizi upande wa Uganda, anakuja kuziuza hapa Amagoro. Ana mtoto mchanga, na kijana ndiye yaya. "Pasta," akaniambia, "hiyo siku ndiyo inanunua hilo daftari unalotaka aandikie." Sikuwa na jibu. Hesabu yangu ilikuwa sawa, ila nilikuwa nimejaza upande mmoja wa kitabu tu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ina adhabu kwa mzazi: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hiyo sehemu tunapenda kuitaja. Lakini kabla ya hapo, sheria hiyo hiyo inamtaka mwalimu mkuu achunguze kwanza kwa nini mtoto hayupo. Hata serikali inauliza kwanza! Mimi mchungaji nilianza na lawama.

Je, mama hana kosa? Sisemi hivyo. Elimu ni haki ya mtoto, si zawadi ya mzazi, na umaskini hauifuti. Lakini Yakobo anatukemea sisi tunaomwambia mwenye njaa aende akashibe, na mkononi hatumpi kitu. Kumwambia kijana "nenda shule" huku amebeba mtoto mgongoni ni maneno ya aina hiyo. Anayedai haki ya mtoto achukue na sehemu ya mzigo wake.

Dada wawili wa kanisa walianza kukaa na yule mtoto kwa zamu. Muhula huo kijana alikosa siku mbili tu, dada mmoja alipougua. Sasa huyo dada amehamia Bungoma, na zamu yake wiki ijayo haina mtu. Baada ya ibada nitakuwa karibu na mlango, na kalamu ninayo.