Uchunguzi na Mateso ya Mgonjwa Asiyesema
Swali linalomkabili daktari wa mifugo anapompokea sungura anayehema kwa shida ni la kimaadili kabla ya kuwa la kitabibu: je, ni halali kutafuta ujuzi ikiwa kule kuutafuta kwenyewe kunaweza kuua? Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alishikilia kwamba jambo la msingi kuhusu wanyama si akili wala usemi, bali uwezo wa kuteseka, na hoja hiyo ina uzito wa pekee hapa. Sungura hupumua kwa pua, na kwa kuwa ni mnyama anayewindwa huficha udhaifu wake, hivyo anapofumbua mdomo kutafuta hewa hali huwa imekwisha kuwa mbaya mno. Kumbana wakati huo ili apigwe eksirei kunaweza kumaliza pumzi iliyosalia, ndiyo maana oksijeni na utulivu hutangulia vipimo. Tena vipimo vyenyewe havitoi yakini, kwani bakteria aitwaye Pasteurella multocida hukutwa hata puani mwa sungura mzima, na kwa hiyo tabibu mwadilifu mara nyingi huanza kutibu akiwa bado na shaka.