Jua Ni la Wote: Na Taa ya Usiku Je?

Tusimame pamoja jioni juu ya kilima kimojawapo cha Bukavu, tutazame chini. Umeme umekatika tena, na mtaa mzima umekuwa giza. Mara nyumba moja yang'aa. Mwenyewe ana pano za jua juu ya bati lake, na betri zimekuwa zikijaa tangu asubuhi. Watoto wake wasoma, redio yasema, simu zapata chaji. Katika nyumba ya pili, hatua kumi tu kutoka pale, mama apika kwa mwanga wa koroboyi, na mtoto wake amefunga daftari kwa sababu haoni tena herufi. Lakini mchana jua liliwaka sawasawa juu ya mabati yote mawili.

Twauliza basi: huyu mwenye taa ana deni lolote kwa jirani yake?

Wengi watajibu upesi: «Hana. Alinunua kwa jasho lake.» Nasi twakubali kwamba jibu hilo lina kweli ndani yake. Jua halina bei, lakini pano ina bei, betri ina bei, na fundi ataka mshahara wake. Tena anayetaka umeme wa jua mara nyingi hulipa sehemu kubwa siku ya kwanza, kabla hajaona mwanga hata usiku mmoja. Ndiyo sababu maskini hawezi kuufikia. Yeye hununua mshumaa leo na mafuta kidogo kesho, na baada ya miaka mingi huenda fedha yake imepita ile ya mwenye pano. Hata hivi, mtu aliyejinyima ili watoto wake wasome si mwizi. Tusimhukumu.

Walakini yafaa tufikiri mbele kidogo. Hatari si kwamba ana taa. Hatari ni kwamba, tangu aipate, hasumbuliwi tena na giza. Zamani umeme ulipokatika alinung'unika pamoja na mtaa. Alikwenda kuuliza, aliandika barua, na kwa kuwa ni mtu wa maana, alisikilizwa. Leo umeme ukikatika, hajui hata saa ulipokatika. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Siku wenye sauti wote watakapokuwa na jua lao juu ya bati lao, nani atabaki kudai nguzo na nyaya kwa ajili ya Kadutu? Huko nyumba za mbao zimesongamana, na moto umekwisha kuteketeza nyumba nyingi mara nyingi.

Mto Ruzizi watufundisha jambo. Watoka katika ziwa letu la Kivu, na kituo chake cha kwanza cha umeme kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kituo cha pili, kilichofunguliwa mwaka 1989, kiliwekwa kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi pamoja. Hakuna mtu wa Bukavu aliyeweza kuuchukua mto nyumbani kwake. Kwa hiyo watu walilazimika kukutana, kupatana na kugawana, hata nchi zisizopatana siku zote. Jua si kama mto. Laweza kukatwa vipande vidogo, kila mtu akachukua chake na kufunga mlango. Urahisi huo ni uzuri wake, nao pia ni kishawishi chake.

Lakini jua nalo laweza kuvunwa pamoja. Huko Burkina Faso, katika Afrika ya Magharibi, kituo cha Zagtouli karibu na Ouagadougou kilifunguliwa mwaka 2017, chenye nguvu ya megawati 33, ili umeme wake uingie katika nyaya za wote. Kwa jirani zetu wa Rwanda, kituo cha Rwamagana cha megawati 8.5 kilianza kazi mwaka 2014. Na hapa kwetu Kivu, upande wa kaskazini wa ziwa, kampuni iitwayo Nuru ilifungua mwaka 2020 kituo cha megawati 1.3 katika mtaa wa Ndosho, mjini Goma.

Mwingine atatupinga: «Mali ya wote haina mwenyewe. Nyaya huibwa, watu hujiunganisha usiku bila kulipa, mashine hufa. Heri changu kidogo.» Neno hilo latuuma, maana mambo hayo tumeyaona. Lakini ugonjwa huu hauponi kwa wenye uwezo kukimbia. Wakikimbia, mali ya wote yabaki mikononi mwa wasio na nguvu ya kuitunza. Anayeiba waya afanya kosa. Je, anayeuacha mtaa wake kwa sababu yeye amekwisha kujiokoa, hana kosa lolote?

Basi deni la mwenye taa ni nini? Si kuzing'oa pano zake. Kwanza, asinyamaze. Mkutano wa mtaa ukiitwa kwa ajili ya umeme, awe wa kwanza kufika, kama siku zile alipokaa gizani. Pili, ampe mtoto wa jirani nafasi mezani pake, kwa maana taa haipungui ikiangaza daftari mbili. Tatu, alete fedha na maarifa yake katika shirika. Sisi wa Kongo twaijua likelemba: watu kumi huchanga, kila mmoja apate kwa zamu. Wanaoweza kuchanga kwa ajili ya sufuria na nguo waweza pia kuchanga kwa ajili ya betri kubwa ya wote, wakianza na zahanati ambapo mama zetu huzaa usiku. Naye asiye na kitu ana wajibu wake: alipe sehemu yake ndogo, wala asiguse waya usio wake.

Kesho jua litapanda tena juu ya mabati yote ya Bukavu, bila kuuliza ni ya nani. Jioni ikifika, swali litakuwa letu.