Mwenye Kuonja na Mwenye Kula

Kila Pasaka inapokaribia, mizigo ambayo jamaa zetu wa Dar es Salaam huipakia katika mabasi ya kusini, pamoja na vitenge vya sikukuu na viatu vya watoto, siku hizi huwa na pakiti za vijiyai vya chokoleti vilivyovikwa ganda la sukari, vyenye rangi ya waridi, ya manjano na ya samawati hafifu, na madoadoa juu yake. Huku Nachingwea na Ruangwa vitu hivyo bado ni vigeni, wala si kawaida kuvikuta katika duka la mtaani. Basi vinapofika hugawanywa, hulinganishwa na kujadiliwa, huyu akisema vya pakiti hii ni vitamu zaidi, yule akishikilia kuwa vya pakiti ile ndivyo vyenye chokoleti ya kweli. Nimewasikia wazee wa kanisa, watu waadilifu ninaowastahi, wakilichukia jambo hilo, na hoja yao si nyepesi: yawezekanaje, wanauliza, siku ambayo Mkristo huadhimisha ushindi juu ya mauti, akili za watu zishughulike na kupima ladha ya peremende? Swali lao lastahili kujibiwa kwa utulivu, kwa maana ndani yake limo swali jingine lililo kubwa zaidi: kuonja ni kitendo cha namna gani, na je, ni mwanzo tu wa kula, au ni jambo mbali, lenye hukumu yake na adabu yake?

Yai lenyewe halikuingia katika Pasaka kwa bahati. Katika karne za kati Kanisa la Magharibi liliwakataza waumini mayai, pamoja na nyama na maziwa, muda wote wa Kwaresima, na kwa kuwa kuku hawakuacha kutaga, mayai yalilimbikizana hata siku ya kufungua, yakawa miongoni mwa vyakula vya kwanza vya furaha. Wakristo wa Mashariki waliyapaka rangi nyekundu kwa ukumbusho wa damu ya Mwokozi, na watu wakaona katika ganda lililofungwa mfano wa kaburi. Chokoleti ilikuja baadaye sana: nchini Uingereza kampuni ya Fry ilitoa yai la chokoleti mwaka 1873, na Cadbury ikafuata mwaka 1875. Kwetu yai lilikuwa na hukumu nyingine. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki wazee waliwazuia watoto na wajawazito wasile mayai, hata mtoto anayekabidhiwa leo kijiyai cha rangi mkononi amepewa sura ya kitu ambacho bibi yake, katika umri kama wake, huenda hakuruhusiwa kukila.

Mwaka 2024 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi, ndani ya mwezi wa Ramadhani, kama ilivyokuwa mwaka 2022 na 2023, na baada ya ibada pakiti za namna mbalimbali ziliwekwa mezani nyumbani kwetu Nachingwea. Mengine yalikuwa mayai yasiyo na ganda la sukari, yaliyofungwa katika karatasi ya fedha, na hayo safari ilikuwa imekwisha kuyahukumu kabla yetu, kwa maana kutoka Dar es Salaam hata Nanganga, ambapo njia ya Ruangwa na Nachingwea huiacha barabara kuu, ni mwendo mrefu wa joto, na mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, yaani chini ya joto la mwili wa mwanadamu. Sifa hiyohiyo inayoifanya chokoleti iyeyuke kinywani ndiyo inayoiangamiza ndani ya basi. Tulipofungua karatasi tulikuta mayai yamebonyea ubavu mmoja, yakaganda upya, na juu yake umetanda utando mweupe wa mafuta yaliyojitenga. Vijiyai vya sukari, kinyume chake, vilikuwa vizima, vinang'aa, rangi zake hazikuchujuka. Ukikiuma kimoja, ganda lilipasuka kwa mlio mkavu, ukaja utamu mtupu usio na harufu, na baada yake kiini. Na kiini hicho, ambacho kingepasa kuwa laini, kilikuwa kimekuwa cha chembechembe, kimepoteza ule mteremko wake ulimini. Joto lilikuwa limepita hata huko ndani. Dhahiri ya kitu ilisalimika, batini yake ilikuwa imegeuka, na jicho halikuwa na njia ya kulijua hilo. Ulimi peke yake ndio uliotoa ushahidi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitofautisha kati ya kuijua tafsiri ya afya na kuwa na afya, kati ya kujua ulevi ni nini na kulewa, akashikilia kuwa yako maarifa ambayo hayafikiwi kwa masikio wala kwa masomo, ila kwa kuonja. Na katika Zaburi ya 34 mtunzi anawaita watu wauonje wema wa Mungu ndipo waujue. Ni jambo la kustaajabisha kwamba dini mbili zinazokaa mlango kwa mlango katika wilaya zetu hizi zimeichukua hisi iliyo miongoni mwa za chini katika daraja za wanafalsafa, hisi ambayo tunashirikiana na mbuzi, zikaifanya kielelezo cha maarifa yaliyo juu kabisa.

Lakini adabu ya kuonja sikuipata katika kitabu. Niliipata kwa jirani yetu, bibi wa Kiislamu aliye hodari wa visheti na karanga za sukari, ambaye tulimwendea alasiri ile tupate hukumu ya mtu aliyeishi na shira maisha yake yote. Alikipokea kijiyai, akakipitisha chini ya kidole gumba, akakikwaruza kwa ukucha, akakiweka karibu na sikio akakitikisa, kisha akasema kwamba shira ya hiki haikumiminwa kwa mara moja, ilitiwa kidogokidogo, kila mkono ukiachwa ukauke kabla ya mkono mwingine, la sivyo ganda lingefanya vinundu na kupasuka. Na ndivyo viwanda vifanyavyo: viini hubiringishwa ndani ya chombo kinachozunguka, shira hunyunyizwa haba, upepo mkavu hupulizwa, na tabaka huja juu ya tabaka mpaka ganda litimie. Tukamwomba aonje. «Mwanangu, nimefunga,» akasema, akakiweka juu ya kifuniko cha kopo. Haukupita muda akafunua chungu cha mihogo ya nazi kilichokuwa jikoni kwa ajili ya futari, akachovya ncha ya upawa, akaigusisha ulimini, akatema, akasukutua, kisha akaongeza chumvi. Nilimuuliza kwa heshima tofauti ni nini, akanijibu: «Chungu kile kina watu wanaokingoja. Kijiyai hiki kinaningoja mimi tu. Basi na kingoje magharibi.»

Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani na kusini kwetu, wanasema hivyohivyo kwa lugha yao: kuonja chakula bila haja ni makuruhu kwa mwenye kufunga, ila palipo na haja, kama mpishi anayepima chumvi au mama anayemtafunia mtoto mchanga asiye na mwingine wa kumtafunia, karaha huondoka, maadamu kitu hakikumezwa. Fikiri jinsi sheria hiyo ilivyo na insafu. Ulimi ni uleule, mwezi ni uleule, na kiasi kinachogusa ulimi pengine ni kilekile. Kinachoigeuza hukumu ni yule ambaye kitendo kinafanywa kwa ajili yake. Mwenye kuonja chungu cha watu ameshika amana, na dalili ya uaminifu wake ni kwamba aweza kutema.

Aristotle naye, katika maandishi yake juu ya maadili, alipokuwa akieleza kiasi na ulafi, alisema neno ambalo wengi hulipita upesi: kwamba walafi hawana haja kubwa ya kupambanua ladha, kwani hiyo ni kazi ya waonjaji wa mvinyo na wapishi, raha ya mlafi imo katika mguso wa kitu kinapoteremka, hata akamtaja mmoja aliyetamani koo lake liwe refu kuliko la korongo. Basi ulafi na uonjaji si ndugu. Mapokeo ya Kikristo, kuanzia kwa Papa Gregori Mkuu hata kwa Thomas Aquinas, yaliorodhesha njia tano ambazo mtu hukosea katika chakula, yaani kula kabla ya wakati, kutaka kilicho ghali, kudai maandalizi ya anasa, kupita kiasi, na kula kwa pupa. Na nikiwatazama watoto wetu mezani, wakikiweka kijiyai ulimini na kungoja ganda liyeyuke ili wapate kusema kwa haki kipi ni kizuri, sioni hata njia moja miongoni mwa hizo tano waliyokuwa wakiifuata. Aliyemeza vijiyai kwa gao bila kuvisikiliza ndiye wazee wangepaswa kumkanya.

Nachingwea, kuliko mahali pengi, pana sababu ya kuheshimu kuonja. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliipelekea serikali ya Uingereza, ambayo watu wake walikuwa katika mgao wa mafuta ya kula baada ya vita, shauri la kulima karanga katika Tanganyika. Ukaletwa ujumbe wa John Wakefield, uliozunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, na baada yake ikaamuliwa kwamba Kongwa, Urambo na Nachingwea zifyekwe, katika mpango mzima wa ekari 3,210,000. Halikulimwa kwanza shamba dogo la majaribio lililostahili jina hilo, ardhi haikupimwa vya kutosha, mvua haikuchunguzwa msimu baada ya msimu, wala waliokuwa wakila kutoka katika ardhi hiyo vizazi na vizazi hawakuulizwa ladha yake. Matrekta yaliletwa, bandari ikajengwa Mtwara na reli ikaja hata Nachingwea, lakini kule Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu hata karanga zikang'ang'ania ardhini, na ilipofika Januari 1951 mpango ukavunjwa, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya 1960. Karanga zinaota Nachingwea hata leo, na yule bibi huzitia shira akaziuza. Kilichokosekana hakikuwa karanga, kilikuwa subira ya kuweka kidogo ulimini kabla ya kumeza. Mnunuzi wa ufuta pale Ruangwa, ambaye hakubali gunia mpaka bambo limeingia juu, kati na chini, ana hekima ambayo serikali nzima ilikosa.

Naja sasa kwenye hoja iliyo nzito kuliko ile ya wazee, nayo ni ya mwenye njaa. Kusini mwetu mvua ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei, na katika Februari na Machi, ambapo ndipo Kwaresima ilipo, ghala za nyumba nyingi huwa zimeshuka kuliko wakati wowote. Mtu ambaye hana cha kuacha, afunge nini? Na ambaye tumbo lake linadai, ataonjaje, ilhali njaa huifuta tofauti yote kati ya ladha na ladha? Haifai kulikimbia swali hili kwa maneno ya faraja. Kupambanua ladha kwahitaji nafasi kidogo kati ya ulimi na tumbo, na nafasi hiyo si kila mtu aliyejaliwa.

Hata hivyo, desturi ya wakulima ilikwisha kulijibu kabla ya chokoleti kuzaliwa. Mahindi mabichi yanapokomaa, na maboga na matango yanapoanza, yaani karibu na Pasaka, wazee walilimbuka: mkubwa wa nyumba alionja kwanza kidogo cha zao jipya, shukrani ikatolewa, ndipo wote wakala. Torati ya Musa iliamuru vivyo hivyo, kwamba mganda wa kwanza uletwe mbele za Mungu baada ya Pasaka, na kabla ya hapo mtu asile nafaka mpya. Na Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho habari za ufufuo, hakupata mfano bora kuliko limbuko la mavuno, sehemu ndogo inayotangulia na kuwa dhamana ya shamba zima. Ikiwa hiyo ndiyo maana ya Pasaka, basi kuonja hakukuja sikukuuni kwa mlango wa nyuma. Kumo katika moyo wa sikukuu yenyewe, kwa sharti kwamba anayeonja anaonja kwa ajili ya wasiopata bado, na kwamba shamba lililobaki ni lao.

Sharti hilo ndilo ninalowaombea wazee waliangalie, badala ya kukataza pakiti. Vijiyai visifunguliwe kabla ya mkesha kwisha. Vikifunguliwa, visianze kwa watoto ambao jamaa zao wanaishi mjini. Vianze kwa wale ambao mwaka huu ghala lao lilikwisha mapema, nao ndio waulizwe kwanza kipi ni kitamu, na hukumu yao isikilizwe. Yule bibi, alipokwisha kufuturu kwa tende na maji na kusali magharibi, alikiweka kijiyai chake kinywani akanyamaza kwa muda, kisha akatamka kuwa ganda limetengenezwa na fundi, kiini kimeharibiwa na safari, na mtengenezaji asilaumiwe kwa kosa la jua. Akauliza kama vimebaki vingine kwa wajukuu wa nyumba ya tatu, ambao baba yao alikuwa mgonjwa tangu masika yaanze. Vilikuwapo, wakapelekewa pakiti nzima.