Je, Maisha ya Aliyekufa ni Mali ya Nani?

Miezi michache iliyopita watu wanne wa darasa letu tulisafiri kutoka Mombasa mpaka Marsabit kutoa taazia kwa mwenzetu aliyefiwa na baba mkwe. Marehemu tulimjua. Alikuwa mtu wa ukarimu, walakini alikuwa mkali wa deni na mwepesi wa kugombana, na nusu ya waliohudhuria walikuwa wamepata kuumizwa na ulimi wake. Siku zote tatu tulizokaa hatukusikia hata neno moja la ugomvi. Aliyezungumza alitaja visima alivyosaidia kuchimba na wanafunzi aliowalipia ada. Hakuna aliyewaamrisha wanyamaze juu ya hayo mengine. Walinyamaza wenyewe, kwani ndivyo walivyolelewa.

Katika kurudi, gari yetu ikapata pancha Ngaremara, kijiji cha Waturkana kilichoko juu ya barabara kuu ya Moyale, kaskazini ya mji wa Isiolo. Wakati dereva akihangaika na gurudumu, sisi tuliingia katika hoteli ndogo ya chai. Humo mlikuwa na televisheni imetundikwa ukutani, na watu kiasi cha kumi na tano wakitazama filamu ya maisha ya mwanamuziki mmoja mashuhuri wa roki. Si mchezo wa kuigiza, bali filamu ya habari za kweli, wanayosemeshwa ndani yake jamaa na rafiki zake. Lugha yake ilikuwa Kiingereza, na kijana mmoja wa shule alikuwa akiwafasiria wazee kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, wala hakubakisha kitu.

Mwanamuziki huyo alikuwa Freddie Mercury. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuambiwa kwamba mtu huyu ni mzaliwa wa pwani yetu hii. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, na alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazee wake walikuwa Waparsi wa Gujarat, watu wa dini ya Zaradushti, na jina la Bulsara lilitokana na mji wa Bulsar wa huko. Baba yake alikuwa mshika fedha katika mahkama kuu ya Serikali ya Kiingereza. Mtoto alipelekwa kusoma Panchgani, Bara Hindi, akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, yeye na wazee wake walihamia Uingereza. Huko aliingia katika kundi la Queen, akapata umaarufu usio na mfano, na akafa London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi ya ukimwi.

Mzee mmoja aliyekalia kigoda chake cha mti, kile ambacho kwao ndicho pia mto wa kulalia, aliposikia kutajwa Unguja alitugeukia akatazama kofia zetu. Akauliza:

"Nyinyi watu wa pwani, huyu ni mtu wenu?"

Tukajibu wote wanne kwa pamoja, wala hatukufikiri: "La, mzee, si wetu."

"Amezaliwa Unguja, na si wenu?" Kisha akanyamaza kidogo. "Amekufa?"

"Naam, zamani."

"Basi ni nani aliyewapa hawa ruhusa ya kunieleza ugonjwa wake mimi, nisiyemjua?"

Hatukuwa na jawabu. Suali hilo tulirudi nalo Mombasa, tukalizungumza katika darasa mikutano miwili, na haya tunayoandika ndiyo tuliyoyafikia.

Kwanza yatupasa tukiri kwamba kumtaja aliyekufa kwa aibu yake si haramu kwa kila hali. Lau ingekuwa hivyo, elimu ya wapokezi wa Hadithi isingekuwako, kwani wanavyuoni walikaa wakaandika juu ya watu waliokwisha kufa: fulani alikuwa msahaulifu, fulani mwongo, fulani hategemewi. Walakini tazama walivyoandika. Walitaja aibu ile tu iliyohusu kazi ile. Aliyekuwa dhaifu wa kuhifadhi alitajwa udhaifu wa kuhifadhi, wala hawakuingia nyumbani kwake kutafuta alivyoishi na mkewe. Na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoandika kitabu chake juu ya baadhi ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, alitupa walimu wao, safari zao na wanafunzi wao. Watu wale walikuwa wanaadamu, na bila shaka walikuwa na yao. Lakini yale hayakuwa haja ya kitabu.

Kwa hivyo kipimo ni haja. Twauliza: jambo hili likifunuliwa, ni nani atakayelindwa au kunufaika? Ikiwa hakuna, basi ni upekuzi, na upekuzi tumekatazwa pamoja na kusengenya, katika aya ile ile inayomfananisha msengenyaji na mla nyama ya nduguye aliyekufa. Aliye hai aweza kukujia mlangoni akakukanusha. Maiti hana mlango wa kukujia.

Msomaji aweza kutwambia: "Huyu alikuwa mtu wa watu. Alisimama mbele ya maelfu na akatajirika kwa kutazamwa. Atakujaje tena kudai sitara?" Maneno haya yana nguvu, nasi hatuyapuuzi. Alichokifanya jukwaani ni cha watu, na anayetaka kukisifu au kukilaumu ana haki. Lakini mtu auzaye samaki sokoni hakuuza pamoja nao funguo za nyumba yake. Na mtu huyu alipambanua wazi lipi la watu na lipi lake. Miaka yote ya maradhi yake hakuyatangaza. Ilipofika tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwamba ana ukimwi, na usiku uliofuata akafa. Filamu ya mwisho ya wimbo aliyopigwa mwaka ule ilitolewa kwa picha nyeusi na nyeupe, na ikaelezwa baadaye kwamba sababu ni kusitiri alivyokonda. Huyo ni mtu aliyeshika pazia kwa mkono wake mwenyewe mpaka siku moja kabla ya kufa, kisha akalifunua kwa kadiri aliyotaka.

Juu ya kadiri hiyo tulikhitilafiana sana. Wenzetu wawili walisema kwamba maradhi ya ukimwi ndiyo hasa jambo lisilofaa kufunikwa, nao wana ushahidi uliotunyamazisha. Sote twakumbuka miaka ile katika mitaa yetu, jeneza likitoka na watu wakisema ni kifua kikuu, au ni homa, au ametupiwa kitu. Mjane akabaki hajui, akaolewa tena, na janga likahamia nyumba ya pili. Kenya haikulitangaza kuwa janga la taifa mpaka mwaka 1999, na kabla ya hapo tulikwisha zika wengi kwa majina ya maradhi mengine. Na taarifa ya mtu huyu ilileta kheri: rafiki zake walifanya tamasha London mwezi wa Aprili 1992 kwa kumkumbuka, na ukaanzishwa mfuko kwa jina lake wa kupigana na maradhi hayo. Basi kutaja kwamba alikufa kwa ukimwi ni jambo lenye haja, na mwenyewe alilitaja. Lakini kuuzungusha uso wake uliokonda mbele ya macho ya watu, na kuuliza nani alilala wapi na nani, hiyo ni haja gani? Mtu apimwe damu Isiolo au Mombasa kwa kuwa ameliona shavu la maiti? Hukumu ya dini juu ya mwenendo wake twaijua, na kila msomaji wetu aijua. Lakini kuijua hukumu si sawa na kupewa kazi ya kuhesabu dhambi za mtu mmoja mmoja kama karani wa forodha.

Baya zaidi ya kusengenya ni kuzua. Filamu ya kuigiza iliyotoka mwaka 2018 kwa jina la Bohemian Rhapsody inamwonyesha akiwaambia wenzake maradhi yake kabla ya tamasha kubwa la Julai 1985, na hali habari za waliokuwa naye ni kwamba hakuyajua mpaka mwaka 1987. Walibadilisha tarehe ili machozi ya mtazamaji yapate mahali pa kuangukia. Mamilioni ya watu sasa wanaamini hivyo, na mwenyewe hayupo wa kusema hapana.

Kuna jambo moja katika habari zake ambalo lilitufanya tuone haya. Alipokufa maiti yake ilichomwa moto, na majivu yake aliyakabidhi kwa rafiki yake wa zamani, Mary Austin, asimwambie mtu yalipowekwa. Tangu 1991 mama huyo hajasema. Waandishi wa magazeti wamemzunguka miaka na miaka, naye amenyamaza. Mama huyu huyu mwaka 2023 aliuza karibu vitu vyote vya nyumba ya rafiki yake kwa mnada wa Sotheby's, na kichana cha masharubu peke yake kilinunuliwa kwa zaidi ya pauni 150,000! Tulijadiliana kama matendo haya mawili yanapatana. Rai yetu ni kwamba yanapatana: vitu alipewa viwe vyake, na siri alipewa iwe amana. Ni wangapi kati yetu tunaoweza kuuza kichana na tusiiuze siri? Sisi siri twaitoa bure, barazani, kwa kikombe cha kahawa.

Tumefika kwetu sasa. Mwaka 2006, ilipokusudiwa kufanywa sherehe Unguja kwa kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa mtu huyu, Waislamu wa huko walipinga, na sherehe ikavunjwa. Sisi hapa tuliwaunga mkono, wala hatujutii kukataa sherehe ile. Tunalojutia ni maneno tuliyoyasema wakati ule barazani. Tulimsimulia maiti mambo ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na yakini nayo. Mmoja alisikia kwa mwenziwe, na mwenziwe kwa mtu wa mashua. Tulidhani kwamba kwa kuwa jambo ni ovu, basi kulizidisha si uwongo. Na upande wa pili ni wale wanaomtangaza kwa faida: Shangani pana jumba la makumbusho yake lililofunguliwa mwaka 2019, na wageni huonyeshwa zaidi ya nyumba moja wakaambiwa kila moja ndiyo aliyokaa. Ijumaa twamkana, Jumamosi twamuuza.

Ama lile lililotusumbua kuliko yote ni hili. Filamu tuliyoitazama ilipofika mwaka 1964 ilipita kwa haraka: kulikuwa na mapinduzi, wakaondoka, na bahari ikaonekana. Kijana wa Ngaremara alilifasiri kwa sentensi moja. Maelfu ya watu waliuawa Unguja mwaka ule, na Waarabu, Wahindi na Waparsi kwa maelfu waliacha nyumba na maduka na makaburi ya wazee wao. Haya si aibu ya mtu mmoja aliyoifunga chumbani. Ni dhulma iliyotendwa mchana, na waliodhulumiwa wana haki ya kutajwa. Sitara iliwekwa kumhifadhi mtu na aibu yake. Haikuwekwa kumhifadhi dhalimu na dhulma yake. Filamu ile imefunua kitanda cha mtu na imefunika damu ya mji. Nasi watu wa pwani, tulioelemewa na haya ya kutaja jirani aliyenyang'anywa nyumba, hatuoni haya kumtaja jirani aliyezini. Je, si tumekigeuza kipimo juu chini?

Tulisema filamu ilikuwa bado ikiendelea. Ilifika Julai 1985, tamasha la Wembley, watu zaidi ya 70,000 wamejaa uwanjani, na kijana akaeleza kwamba kuimba kule kulikuwa kwa ajili ya kukusanya fedha za njaa ya Uhabeshi. Mzee akasimamisha kikombe chake. Ukame wa 1984 uliipiga pia kaskazini ya Kenya, naye alitwambia kwamba mwaka ule alibaki na mbuzi watatu. Hatusemi kwamba senti moja ya fedha zile ilifika Ngaremara. Mzee naye hakusema hivyo. Alisema tu: "Kumbe alituimbia njaa," akaendelea kutazama.

Mwisho akatokea mama wa mwanamuziki, bibi wa makamo ya juu, akimsimulia mwanawe alipokuwa mdogo. Mzee akauliza kama yule mama yu hai. Mmoja wetu alikuwa amepata kusoma kwamba alifariki mwaka 2016, naye ana miaka 94, akamwambia. Dereva alikuwa mlangoni akituita, gurudumu limekwisha fungwa. Mzee akasimama juu ya fimbo yake, akatupa mkono mmoja mmoja.

"Poleni," akatwambia.

Tulitazamana. Kisha mkubwa wetu akajibu, "Tushapoa, mzee," tukatoka.