Mbwa Anayeshinda Bandani

Wengi wetu tunatoka alfajiri kuwahi daladala na kurudi usiku. Saa zote hizo mbwa wetu yuko bandani, kwani tumezoea kwamba mbwa wa ulinzi hufunguliwa usiku tu.

Hebu fikiria bakuli lake saa saba mchana. Kama ni la plastiki, ameshalipindua zamani na maji yamenywewa na vumbi. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kuhema huko humkausha maji. Kwa joto la Dar es Salaam, sufuria nzito isiyopinduka, iliyowekwa kivulini, ni suala la uhai.

Kazi ni nyingi, najua. Hata hivyo, dakika 20 kabla ya kuoga zinatosha kumtembeza, kumbadilishia maji na kumpapasa masikioni ukitafuta kupe. Siku ya kuchelewa, mwombe kijana wa jirani amwangalie, na umlipe vizuri.

Lisilo na udhuru ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ni siku moja tu kwa mwaka. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza, tiba hakuna. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, maana ndio wanaocheza naye.

Basi kabla hujatoka, tazama kadi ya chanjo ya mbwa wako. Kama mwaka umepita, mpigie daktari wa mifugo leo hii.